Jinsi ya kutengeneza vipindi vya sauti kuhusu mfongo, kihamba na msitu: mwongozo kutoka Moshi

Huku mlimani kwetu zipo njia za kutunza ardhi na maji zilizorithiwa vizazi kwa vizazi, na watu wanazifanya hata leo asubuhi. Mfongo, yaani mfereji wa kuleta maji mashambani, unazibuliwa. Shina la mgomba linakatwakatwa kulisha ng'ombe wa ndani, na samadi inarudishwa shinani. Mtu anauacha mti wake wa mruka usimame katikati ya kahawa ingawa mfanyabiashara wa mbao ameshaupigia hesabu. Kazi hizi zote zina sauti, na sauti hizo ni chache mno kwenye redio na simu zetu.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye simu nzuri au kinasa sauti kidogo anayetaka kutengeneza mfululizo wa vipindi kuhusu mambo ya namna hii mahali alipo. Nimefanya kazi ya redio hapa Moshi, na kwetu ni Kibosho. Kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka upande wa kusini wa Kilimanjaro. Wewe wa Meru, Longido au Same utaweka ya kwenu.

Kipimo changu cha kipindi kizuri ni kimoja. Jirani akishakisikiliza, je, anaweza kwenda kujaribu jambo hilo shambani kwake, akijua hatua zake na pia gharama yake? Kama jibu ni hapana, basi tumemsifia mtu kazi yake tu, na kusifia hakumsaidii msikilizaji mwenye korongo linalomomonyoka nyuma ya nyumba.

Chagua kitu unachoweza kusimama mbele yake

Watu wengi huanza na mada pana, kama mabadiliko ya tabianchi. Mada ya namna hiyo huwezi kuisogezea maikrofoni. Anza na chemchemi moja, mfongo mmoja, kihamba kimoja (shamba la familia linalozunguka nyumba) chenye mwenyewe. Halafu uliza: kazi hii inafanyika sasa hivi, au ni habari ya mradi uliofungwa ukabaki kibao? Ni nani anayeifanya kwa mikono yake? Nikifika pale na kufumba macho, nitasikia nini? Kitu kinachokosa jibu la swali la mwisho kitakupa kipindi cha maelezo matupu. Kiache, hata kama kina sifa nyingi.

Ukishapata vitu vyako, vipange kwa njia ambayo msikilizaji ataikumbuka bila kuandika. Kwa Moshi sijaona mpangilio bora kuliko kufuata maji kutoka juu kwenda chini. Hivi ndivyo ningepanga vipindi sita.

Cha kwanza ni msitu. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa mlima hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini hatufikii nusu ya hiyo. Watu wengi mjini bado wanaamini kwamba mito yetu inaletwa na barafu ya kilele cha Kibo. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na inauma kuitazama ikiisha, lakini Karanga, Weruweru na Rau zinategemea zaidi mvua ya msituni na ukungu unaonaswa na miti na vichaka vya juu. Lieleze jambo hili mapema kabisa katika mfululizo wako. Msikilizaji akilielewa, moto uliowaka mlimani Oktoba 2020 unaacha kuwa habari ya watalii na wapagazi peke yao, unakuwa habari ya bomba la nyumbani kwake. Katika kipindi hicho hicho ingia kwenye Nusu Maili, ule ukanda uliotengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na majani bila kuingia ndani ya msitu. Tangu msitu ulipounganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, masharti ya kuingia yamebadilika, na akina mama wanaokata majani ya ng'ombe wanayajua masharti hayo kuliko mtu yeyote utakayemhoji ofisini.

Cha pili ni mfongo, na hiki nitakirudia chini kwa sababu ndicho chenye utajiri mkubwa wa sauti. Cha tatu ni kihamba: miruka na miringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini kabisa. Ukitaka kuonyesha kwamba dunia nzima inakitazama, taja Shimbwe Juu, Uru, ambako mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Lakini usiishie kwenye heshima hiyo. Sema pia kwamba kahawa iliposhuka bei watu wengi waliing'oa, na kwamba kihamba kinagawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi hadi mwingine anabaki na kipande cha kujengea nyumba tu. Kipindi cha kihamba kisichozungumzia urithi hakijafika kihambani.

Cha nne ni chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Mita 60 kwenye mteremko wa Old Moshi, penye watu waliobanana vile, ni shamba zima la mtu. Hapo una mjadala halali: mwenye shamba anayetakiwa ang'oe mikaratusi yake, jirani wa chini anayesema chemchemi imepungua, na mzee anayekumbuka miti iliyokuwepo. Mmoja wa miti ya kandokando ya maji ni msesewe, ambao gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake. Nakuomba uuweke msesewe kwenye kipindi. Mtu asiyejali habari za vyanzo vya maji atasikiliza habari za mbege, na akiwa anasikiliza utamwambia mti huo unasimama wapi na ukikatwa kinapotea nini.

Cha tano ni Msitu wa Rau, hapa pembeni kabisa ya mji, unaoishi kwa maji yanayotoka ardhini na wenye msoo, mti ambao ni sehemu chache sana duniani unaota. Kutoka hapo maji yanashuka kwenye mpunga wa Mabogini na Chekereni.

Cha sita ni cha kuwakutanisha watu wa juu na wa chini. Maji yanayoachwa na mifongo na mpunga yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na Mto Pangani unaendelea mpaka Hale, ambako unazalisha umeme. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu na mwenyekiti wa mfongo wa Kibosho hawajawahi kusikilizana. Mchezee mmoja sauti ya mwenzake kwenye simu, rekodi anavyojibu, kisha lipeleke jibu kwa yule mwingine. Kipindi hiki kinachukua muda mrefu kuliko vyote na ndicho ninachokipenda zaidi.

Ukiwa Longido au Monduli, mnyororo wako utakuwa wa malisho: olopololi na alalili, yaani maeneo yanayofungwa yapumzike ili ndama na wagonjwa wapate nyasi wakati wa kiangazi. Hapo fuata ng'ombe badala ya maji.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti

Nenda mara ya kwanza bila kurekodi chochote. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ujieleze wewe ni nani na vipindi vitasikika wapi. Mwenye mji mpe shikamoo yake, kaa unapoonyeshwa, pokea chai. Ukienda kwa mzee, beba sukari au mkate kama anavyobeba mgeni yeyote. Hayo siyo malipo ya maneno yake. Ukimaliza, "aika mbe" kwa mwanamume na "aika mae" kwa mwanamke zinasikika vizuri zaidi kuliko asante ya Kiswahili, hata kama Kichagga chako kinaishia hapo.

Mwambie wazi kwamba sauti yake ikishatoka haitarudi. Wengi wanadhani redio inapita na kuisha, hawajui kwamba faili linaweza kuzunguka kwenye simu kwa miaka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa ni suala la kisheria pia, kwa hiyo irekodi: mwache aseme jina lake, tarehe, na kwamba anakubali kutumika. Mtoto asirekodiwe bila mzazi kuwepo.

Kuna watu watakaokuambia mambo yanayoweza kuwaponza. Mama anasema aliingia msituni kutafuta kuni siku isiyo yake. Kijana anataja bonde walilotundika mizinga ya nyuki. Mti adimu una mahali pake, na mwizi wa mbao naye anasikiliza redio. Mambo hayo yakate, au ondoa jina na mahali, hata kama mhusika hakuomba. Wewe unajua zaidi yake kipindi kitafika wapi.

Kurekodi ndani ya hifadhi ya mlima kunahitaji ruhusa ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na Msitu wa Rau uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Andika barua mapema na subiri jibu mkononi. Kama utaweka vipindi mtandaoni kwa utaratibu wa kudumu, fika ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) Kanda ya Kaskazini pale Arusha uulize kama unachofanya kinahitaji leseni chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na zimekuwa zikirekebishwa. Njia rahisi kwa anayeanza ni kushirikiana na redio yenye leseni. Muziki wa watu usiutumie bila ruhusa. Kwa kweli huuhitaji, sauti za mahali zinatosha.

Maswali yanayofungua mtu

Ukimuuliza mkulima "mnakabiliana na changamoto zipi", atakujibu kama anavyojibu kwenye semina: ukosefu wa elimu, ukosefu wa mitaji, tunaiomba serikali. Jibu hilo ameshalitoa mara nyingi kwa watu wenye daftari. Lakini muulize, "Mfongo ukibomoka usiku, nani anapigiwa simu kwanza?" Hapo anakaa vizuri. Anakutajia mtu, anakueleza walivyotoka na tochi, wakaziba kwa mawe, majani na vipande vya mgomba, na nani hakutokea.

Uliza habari za jana kabla ya habari za siku zote. "Jana ulipofika hapa ulifanya nini?" Mwombe afanye kazi mbele yako na aieleze mikono yake inafanya nini. Kisha ingia kwenye mambo magumu: zamu yako ya maji ni lini? Jirani akiiba zamu mnamfanya nini? Asiyekuja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, anatozwa nini, na kweli analipa? Ulipoacha nafasi kwa ajili ya miti, ulipoteza mazao kiasi gani? Mke wako alisemaje?

Swali la aliyepoteza usiliruke kamwe. Kila njia ya kutunza mazingira ina mtu anayeilipia: aliyeacha mita zake 60, mama anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni, mfugaji aliyekuta malisho yamefungwa. Mtafute mtu huyo na umpe nafasi ya heshima, kwa sababu msikilizaji aliye kwenye hali kama yake anamngojea. Asiposikika, atazima redio akisema hawa hawatujui.

Ukiuliza, nyamaza. Mzee wa Kichagga akimaliza sentensi na kutazama migomba, bado hajamaliza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuuliza jingine.

Kuhusu lugha, mwache aongee ile inayomtoka. Bibi wa Rombo anayelazimishwa Kiswahili anakupa nusu ya anachokijua. Mrekodi kwa Kirombo, chezesha sekunde chache za sauti yake, kisha shusha sauti hiyo na mtafsiri aingie juu. Mtafsiri awe wa upande ule ule, maana mtu wa Machame na mtu wa Rombo kila mmoja ana Kichagga chake. Mwanamke atafsiriwe na sauti ya mwanamke.

Kurekodi: mfano wa mfongo

Vifaa vyako vitakuwa simu au kinasa sauti, maikrofoni ya waya kama umepata, hedifoni, kinga ya upepo, na chaji ya akiba. Ukikosa fedha ya vyote, hedifoni ziwe za kwanza. Bila kuzivaa huwezi kujua kwamba kwenye kila sentensi kuna bodaboda, au waya unagusa kifungo cha shati. Weka simu kwenye hali ya ndege. Rekodi kwa WAV ya kilohezi 48 na biti 24 ikiwezekana; saa moja ya mono itachukua karibu nusu ya gigabaiti, hivyo memori kadi ya kawaida inatosha siku kadhaa. Kilele cha sauti kicheze kati ya -12 na -6 kwenye kipimo. Kikigonga sifuri, sauti imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo, ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kwa upepo wa tambarare, kule Mabogini au Longido, sponji peke yake haitoshi. Tafuta kinga ya manyoya, au simama ukiwa umeupa upepo mgongo na mwili wako uwe ukuta.

Sasa twende kwenye mfongo. Wageni wa Ulaya waliofika mlimani karne ya 19 waliikuta mifongo inafanya kazi, na mingine ya wakati huo bado inapitisha maji. Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza. Anzia juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kwenye mto korongoni. Rekodi mto wenyewe ukiwa hatua kumi mbali, kwa sababu ukisogea karibu utapata mvumo tu usioeleweka ni maji au ni mashine. Kisha shuka na mfongo. Maji yakipita kwenye udongo hayana sauti karibu yoyote. Yanapodondoka kutoka jiwe hadi jiwe ndipo yanaongea. Tafuta pale yanapogawanywa, mtu anapoziba upande mmoja kwa jembe na kufungua upande wa pili. Sauti ya maji kubadili njia ndiyo moyo wa kipindi chako chote. Rekodi mabadiliko hayo ukiwa karibu, ukiwa mbali, na ukiwa umesimama kwenye shamba yanapofika.

Siku ya msaragambo rudi tena. Kuna majembe, kuna kuitana, kuna ugomvi mdogo wa nani amechimba kipande kifupi. Usimsimamishe mtu umhoji wakati wenzake wanafanya kazi. Tembea naye, au shika jembe kwanza.

Kila mahali ulipofanyia mahojiano, kabla ya kuondoka, waombe watu wanyamaze na urekodi dakika nzima ya mahali penyewe: kuku, upepo kwenye majani ya migomba, mtoto wa jirani. Wakati wa kuhariri dakika hiyo itakuwa uzi wa kushonea vipande vyote vya sauti. Na kama utapata mwenyeji kijiji cha mwisho karibu na msitu, kaa usiku mmoja. Perere, wale wanyama wadogo wa mitini, wanalia usiku kucha kwa sauti ambayo watoto wa mjini hawajawahi kuisikia, na mbega huanza kunguruma kabla ya mapambazuko.

Masika, kati ya Machi na Mei, ni wakati mzuri wa kusikia maji na wakati mbaya wa kurekodi mazungumzo, kwa sababu mvua kwenye bati inafunika kila kitu. Ikianza, rekodi mvua yenyewe, subiri ipungue, kisha endelea. Kama mada yako ni ugomvi wa zamu za maji, nenda kiangazi, Agosti na Septemba. Masika kila mtu ni rafiki.

Ukirudi nyumbani, nakili mafaili kabla hujala. Nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba tofauti. Yape majina yanayoeleweka, kwa tarehe, mahali na aliyesema.

Kuandika na kuhariri

Sikiliza yote kabla ya kukata chochote, ukiandika dakika na sekunde za vipande vilivyokugusa. Vipande hivyo ndivyo kipindi. Maneno yako ni ya kuunganisha tu, na yawe mafupi. Dakika 15 zinatosha kwa kitu kimoja. Redio nyingi zitakubali muda huo kwa urahisi, na mtu anayetoka Moshi kwenda Marangu kwa Noah atakimaliza hata kabla ya kufika Himo.

Anza na mahali na kitendo, historia ije baadaye. Kwa mfano:

"Hayo ni maji ya mfongo, Kibosho. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mama huyu ana mpaka saa mbili, kisha maji yanakwenda kwa jirani yake. Akichelewa kufungua, migomba yake itasubiri zamu ijayo. Sasa anafungua."

Halafu nyamaza, msikilizaji asikie maji yakibadili njia. Wengi wanaoanza huogopa kimya cha sekunde nane wakakijaza kwa maelezo. Usikijaze.

Yataje majina ya vitu kama wanavyoyataja wenyewe: mchare (aina ya ndizi), mruka, masale. Kama msikilizaji wa Mwanza hajui masale, sema mara moja kwamba ni mmea wenye majani marefu unaopandwa mpakani mwa kihamba, na ambao Mchagga huupeleka kwa jirani anapoomba msamaha. Na hapo una kisa kizima cha mpaka wa shamba unaoshika udongo na wakati huo huo unatunza amani.

Kila tarakimu inayosemwa na mtu, itafute kwingine kabla ya kuipeleka hewani. Mtu akisema mto umepungua nusu, yeye anasema anachokiona, na ni haki yake. Wewe nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, makao yake yapo hapa hapa Moshi, uombe vipimo vya mto huo. Vikitofautiana, cheza vyote viwili. Kuhusu miti, mtaalamu wa misitu wa wilaya atakueleza ipi inaota vizuri kwenye mwinuko gani. Jambo linalofaa mita 1,500 Kibosho linaweza kufa kabisa kwenye joto la Mabogini, na msikilizaji asipoambiwa hivyo utamtia hasara ya msimu mzima. Kila kipindi kiseme wazi: njia hii inafaa wapi, inataka maji kiasi gani, inachukua muda gani kabla ya kuonyesha faida, na ni wapi imeshindikana.

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Sauti yako ya kusimulia irekodie chumbani penye kitanda, mapazia na nguo, mbali na friji. Mwishoni linganisha ukubwa wa sauti. -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kiwango kinachotumika sana kwa podikasti, na mafundi wa redio watarekebisha cha kwao.

Wakisikie kwanza wenyewe

Kabla ya kipindi kutoka, kirudishe kijijini. Beba spika ndogo, omba dakika 20 baada ya mkutano au baada ya ibada ya Jumapili, ukichezeshe mbele ya waliorekodiwa. Watakurekebisha majina ya mashamba na koo, na hata mwaka wa mafuriko. Aliyesema jambo kwa hasira ataomba liondolewe, liondoe. Na mara nyingi mtu aliyekaa kimya siku ya kurekodi atasimama na kusema kitu kilicho bora kuliko vyote ulivyonavyo, kwa hiyo kinasa sauti kiwe mfukoni kikiwa na chaji.

Katika kusambaza, fikiria simu walizonazo watu. MP3 ya mono kwa kilobiti 64 inafanya dakika 15 ziwe na megabaiti kama 7, ambayo inapita kwenye kundi la WhatsApp bila kummalizia mtu bando. Kwa wenye simu za kitochi, peleka kwenye vibanda vinavyojaza nyimbo kwenye memori kadi pale Kiboriloni na Mwika siku ya soko, uombe wakiweke pamoja na nyimbo. Wenye vilabu vya mbege wana spika na wana watu wenye muda. Kipindi cha msesewe kianzie huko. Redio ikikupa nafasi, omba saa ambayo akina mama wako jikoni jioni, siyo saa nne asubuhi wakiwa shambani na sokoni.

Mwisho wa kila kipindi taja mtu mmoja aliyekubali kupokea wageni wanaotaka kuona kazi yake, na siku gani aendewe. Mwulize tena kila mara kabla ya kutangaza. Baada ya msimu mmoja rudi kwake, umwulize nani alikuja, kutoka wapi, na nani amejaribu kwake. Wale waliojaribu ndio unaowahoji kwenye mfululizo wa pili, pamoja na wale waliojaribu miche ikafa. Mafaili mazima ya mahojiano, yasiyokatwa, iachie nakala familia ya kila mzee uliyemhoji, na nyingine shule ya sekondari ya kata kama wahusika wameridhia, ikiwa na karatasi inayoonyesha nani anasema nini na kwenye dakika ipi.